Masista Walimu wa Ediofe: Somo kwa Shule Yetu ya Kambini

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya walimu wa shule ya msingi ya kambi, katika maadhimisho ya Siku ya Walimu Duniani, tarehe 5 Oktoba)



Kamati ilituomba sisi walimu tuseme maneno machache kuhusu elimu katika eneo hili lililotupokea. Tulikaa tukajadiliana, tukakubaliana tusianze na kilio chetu. Kilio cha mwalimu wa kambini mnakijua: watoto wengi katika darasa moja, vitabu vichache, chaki inayokwisha kabla ya muhula. Leo tumeona ni vema tuwakumbuke walimu waliotutangulia katika nchi hii ya West Nile. Tumewachagua masista waliofundisha wasichana Ediofe, nje kidogo ya mji wa Arua, pamoja na masista wenzao waliotoka katika kazi hiyo hiyo.

Kabla hatujaendelea, tuseme jambo moja. Hapa tuko Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu. Hatukuja kuhubiri. Mwenye dini yake abaki nayo, na sisi tunaoandika hotuba hii hatuko wote wa kanisa moja. Tunawazungumzia masista kama walimu, kwa sababu walikutana na matatizo yale yale tunayokutana nayo sisi: vita, kuhama, wazazi wanaosita, na binti anayeondoka darasani kabla ya wakati.

WALIKOTOKA

Shirika la Masista wa Comboni lilianzishwa Verona, nchini Italia, mwaka 1872. Mwanzilishi wake alikuwa Daniele Comboni, padri aliyefanya kazi Sudan na akafia Khartoum mwaka 1881. Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 5 Oktoba 2003, na tarehe hiyo ndiyo hii ya Siku ya Walimu, ambayo dunia ilianza kuiadhimisha mwaka 1994.

Mwaka 1864 Comboni aliandika mpango wake. Kiini chake ni kwamba Afrika itainuliwa na Waafrika wenyewe, na kwamba kazi ya mgeni ni kuwaandaa wenyeji, wanaume kwa wanawake, wawe walimu na mafundi wa watu wao. Mwaka 1867 alifungua nyumba zake Cairo. Huko walikuwamo wasichana Waafrika waliokuwa wamekombolewa utumwani, nao wakawafundisha wengine. Tunaomba mlikumbuke jambo hilo, maana tutalirudia: tangu mwanzo, mwanafunzi msichana aliandaliwa awe mwalimu.

Masista hao walionja taabu mapema. Vita vya Mahdi vilipozuka Sudan, misheni ya Delen ilitekwa mwaka 1882 na mji wa El Obeid ukaanguka Januari 1883. Masista na mapadri wakachukuliwa mateka. Baadhi walifia utumwani. Wawili walitoroka Omdurman mwaka 1891 pamoja na padri Josef Ohrwalder, wakavuka jangwa kwa ngamia hadi Misri. Hatusimulii haya ili kuchokoza kidonda kati ya dini na dini, kwa maana katika vita hivyo walioumia walikuwa wengi wa kila upande. Tunasema tu kwamba shirika hili lilikuwa bado changa, lina miaka kumi tu, nalo likapoteza nyumba zake zote za Sudan. Lakini halikufa.

KUFIKA WEST NILE

Nchi hii ya West Nile nayo imepita mikononi mwa wengi. Ilikuwa sehemu ya Lado, eneo alilopewa Mfalme Leopold wa Ubelgiji mwaka 1894. Baada ya kifo chake mwaka 1909 ikaingia chini ya Sudan, na mwaka 1914 ikaunganishwa na Uganda. Ndiyo maana ndugu zetu Walugbara wako pande mbili za mpaka, Arua huku na Aru kule, na Wakakwa wako pande tatu. Mpaka uliwakuta watu, haukuwaleta.

Wamisionari wa Comboni waliingia kaskazini mwa Uganda mwaka 1910, wakaanzia Omach karibu na Mto Nile, kisha Gulu mwaka 1911. Masista wakawafuata, nao wakafika West Nile na Ediofe. Mwaka 1958 Arua ilifanywa jimbo, askofu wa kwanza akawa Angelo Tarantino, na kanisa la Moyo Mtakatifu wa Yesu pale Ediofe likawa kanisa kuu. Hadi leo Ediofe pana shule za wasichana, na ile ya sekondari ina jina la Mtakatifu Maria. Hata Redio Pacis, ambayo wengi wenu mnaisikiliza jioni mkitafuta habari za mgawo na za usalama, ilianzishwa na jimbo hilo mwaka 2004.

Katika miaka ya mwanzo serikali ya kikoloni haikuwa na shule zake. Shule zilikuwa za misheni, Katoliki na Protestanti, na masista ndio waliobeba sehemu kubwa ya elimu ya wasichana upande wa Katoliki. Walifundisha kusoma na kuandika, hesabu, dini, usafi, kushona, kupika na kulea watoto. Wako watu leo wanaoilaumu elimu hiyo kwamba ilimwandaa msichana kwa jiko na kanisa tu. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Wavulana walipelekwa kwenye ukarani na ualimu mapema, wasichana wakashikishwa sindano. Lakini aliyeshika sindano alikuwa ameshika kalamu pia, na kalamu ikishaingia mkononi si rahisi kuitoa.

NENO LA MAHARI

Tukija kwenye jambo linalotugusa sana: wazazi wa zamani hawakuwapeleka mabinti kwa masista kwa furaha. Kwa Mlugbara na kwa Mkakwa, binti huleta ng'ombe wa mahari, na ng'ombe hao ndio wanaomwezesha kaka yake kuoa. Binti akikaa shuleni miaka mingi, ng'ombe wanachelewa. Akiwa sista, hawaji kabisa. Baba aliona amenyang'anywa.

Pamoja na hayo, wasichana walikwenda. Mwaka 1942 kule mji wa Moyo, Askofu Angelo Negri pamoja na Mama Angioletta Dognini wa Masista wa Comboni walianzisha shirika la masista Waafrika, ambalo leo linaitwa Masista Wadogo wa Maria Imakulata wa Gulu. Angalieni mwaka huo. Vita vikuu vya pili vilikuwa vinaendelea. Italia ilikuwa adui wa Uingereza tangu Juni 1940, na wamisionari Waitalia nchini Uganda walitazamwa kwa mashaka, baadhi yao wakawekwa kizuizini. Mgeni alipofungwa mikono, ndipo mabinti wa nchi walipoanza kuchukua kazi. Wakawa walimu na wauguzi katika vijiji ambavyo mgeni asingevifikia kwa urahisi, wakifundisha kwa lugha ya mama zao.

SHIRIKA LILILOKUWA MKIMBIZI

Ndugu zetu kutoka Sudan Kusini, hii ni sehemu yenu. Mwaka 1954 huko Juba, Askofu Sisto Mazzoldi alianzisha Masista wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, mabinti wa Sudan Kusini. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1957, serikali ya Khartoum ikachukua shule za misheni. Mwaka 1964 ikawafukuza wamisionari wa kigeni wote waliokuwa kusini. Vita vilikuwa vimewaka, na masista hao vijana, ambao shirika lao lilikuwa na umri wa mtoto wa darasa la nne, wakakimbilia Uganda.

Hapo tunaona kitu ambacho wengi hudhani hakiwezekani: nyumba nzima ya watawa imekuwa mkimbizi. Hawakuwa na jengo lao wala shamba lao, na askofu wao naye amefukuzwa. Lakini walikuwa na kanuni yao ya maisha, walikuwa wanaijua kazi yao, na walikuwa pamoja. Wakaendelea kupokea wasichana na kuwalea. Shirika hilo liko hadi leo, na masista wake wanafundisha pande zote mbili za mpaka. Yeyote anayesema kwamba mkimbizi hawezi kujenga kitu cha kudumu na awatazame hao.

WENYEJI WETU WALIPOKUWA WAKIMBIZI

Sisi tuliotoka Aru na Mahagi tulisikia kwa wazazi wetu habari za miaka ya 1979 na 1980. Serikali ya Idi Amin ilianguka Aprili 1979. Kwa kuwa Amin alihesabiwa mtu wa Koboko, watu wa West Nile wote walilipishwa makosa yake. Oktoba 1980 vita vikarudi Arua na Koboko, na watu kwa maelfu na maelfu wakavuka kwenda Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981, askari wa serikali ya wakati huo waliwapiga risasi raia waliokuwa wamejificha katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua. Hata ukuta wa misheni haukuwazuia. Watu wa Arua wanaikumbuka siku hiyo mpaka leo.

Kwa hiyo wenyeji walioketi nasi hapa leo wanajua maana ya kulala chini ya turubai. Walilima katika mashamba ya babu zetu, nasi leo tunalima katika yao.

Kuna bibi mmoja, jirani wa kambi yetu, ambaye tulimtembelea tulipokuwa tukitayarisha hotuba hii. Ameomba jina lake lisitajwe. Alisoma kwa masista alipokuwa mtoto, halafu akawa mwalimu. Alitusimulia kwamba baba yake alikataa mara mbili asiende shule. Mara ya tatu mama yake alimpeleka alfajiri, baba akiwa bado amelala. Mwaka 1980 alipokimbilia Zaire alibeba mtoto mgongoni, sufuria, na daftari la mahudhurio la darasa lake.

Tulimuuliza, "Mama, kwa nini daftari? Watoto walikuwa wametawanyika."

Akasema, "Ningewajuaje waliopotea?"

Kule Zaire alikaa chini ya mwembe, akaanza kuita majina. Siku ya kwanza waliitika watoto wanne. Wengine walikuwa mbali, wengine wamekufa njiani. Akaongeza majina ya watoto wa wakimbizi wengine, na ya watoto wa wenyeji waliokuja kuchungulia wakabaki. Hakukuwa na ubao. Aliandika kwa mkaa juu ya jiwe la kuanikia muhogo, na jioni wenye jiwe walilisugua kabla ya kuanika. Hesabu walifanya kwa kokwa za maembe. Walimu wengine wakajiunga naye, na kwa miaka ile shule ikaendelea hivyo, mpaka watu walipoanza kurudi nyumbani.

Tulitaka kujua alifundishwa nini na masista hata akaweza hayo. Tulitegemea atataja sala au nidhamu. Akacheka. Akasema walimfundisha kutayarisha somo la kesho kabla ya kulala, hata kama hujui kesho utalala wapi.

HALI YETU

Sasa tuzungumze juu yetu. Hapa mtatuvumilia, kwa maana ukweli hauna budi kusemwa.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi kama mtoto wa mwenyeji. Tangu mwaka 1997 elimu ya msingi ya serikali ilifunguliwa kwa watoto wa nchi hii. Mlango, basi, uko wazi. Asubuhi ya kufungua shule, darasa la kwanza hujaa wasichana na wavulana karibu sawasawa. Lakini simameni mlangoni mwa darasa la saba. Wavulana wamejaa mpaka dirishani, wasichana wanatosha benchi mbili.

Wameenda wapi? Sisi walimu tunawajua kwa majina. Mmoja anatunza wadogo zake mama akiwa kwenye foleni ya mgawo. Mwingine hana sare, na mwingine anaona aibu kuja siku zake za mwezi kwa sababu choo hakina mlango. Wawili mwaka huu wameolewa. Mahari yao ilikuwa mbuzi na fedha kidogo, na fedha hizo zililipa deni la dawa. Hatumhukumu mzazi huyo. Tunajua njaa ya mwezi ambao mgawo umepunguzwa. Lakini tunauliza: deni limelipwa, je, binti atarudi lini?

Na kuna jambo la pili. Walimu wa shule yetu karibu wote ni wanaume. Binti wa miaka kumi na tatu akiwa na tatizo la kike hana wa kumwambia. Tumeomba walimu wanawake, tukaambiwa hawapatikani. Ni kweli, hawapatikani, kwa sababu hatuwatengenezi. Mwalimu mwanamke wa miaka kumi ijayo ndiye huyu anayeketi leo kwenye benchi zile mbili. Akiondoka, tutaandika barua ile ile na kupata jibu lile lile.

Hili ndilo somo tulilolipata Ediofe, Juba na chini ya mwembe ule. Masista walipoteza nyumba Sudan, walitazamwa kwa mashaka Uganda, walifukuzwa Juba, na walioishi West Nile waliona misheni ikigeuzwa uwanja wa mauaji. Kama kazi yao ingekuwa majengo, isingebaki. Imebaki kwa sababu kila mahali walimwacha mwanamke aliyeweza kufundisha mwingine.

OMBI LETU

Ndugu Mwenyekiti, mnajua kwamba Kamati itakutana wiki ijayo kuamua juu ya chumba cha matofali kilichokuwa stoo. Mapendekezo ni mawili. Kuna wanaotaka kiwekwe mashine ya kusaga. Sisi walimu tumeomba kiwe chumba cha wasichana cha kujisomea jioni, chenye taa ya sola, na mama mmoja wa kuwasimamia.

Hatudharau mashine. Mama mmoja alitusimamisha njiani akatuambia, "Walimu, binti yangu anabeba mahindi saa nzima kwenda kusaga na saa nzima kurudi. Mkitaka asome, nileteeni mashine." Maneno yake yalitunyamazisha. Ana haki kabisa.

Kwa hiyo tumekuja na pendekezo. Mashine haihitaji ukuta mzuri. Inahitaji paa, sakafu ngumu na mlango wa kufunga, na vumbi lake halipatani na vitabu. Sisi walimu tutafyatua matofali ya kibanda cha mashine kila Jumamosi kwa Jumamosi nne, bila malipo. Tunaomba vijana watusaidie kuchota maji, na tunaomba mashirika yaliyo hapa yafikirie mabati. Chumba cha stoo kiachwe kwa wasichana. Kwa njia hiyo mama atapata unga karibu, na binti atapata saa mbili za jioni zilizokuwa zikiishia njiani.

Wazazi, kwenu tuna ombi dogo zaidi. Hatuwaombi mtupe mabinti zenu, wala hatuwaombi wawe masista. Tunawaomba mwaka mmoja: aliye darasa la sita afike la saba, aliye la saba afanye mtihani. Baada ya hapo njooni tuzungumze tena. Wazee wa Lugbara na Kakwa waliona ng'ombe wamechelewa, wakavumilia, na leo wajukuu zao ni wauguzi na walimu wanaotuhudumia hapa.

Nanyi wasichana wa benchi mbili, majina yenu yako katika daftari. Kila asubuhi tutaendelea kuyaita, na asiyeitika tutamfuata nyumbani.

Tunawashukuru wenyeji wetu kwa ardhi na kwa uvumilivu.